Programu ni huria, basi mbona watu wanafungiwa?

Kila baada ya muda hutoka habari kwamba mradi mkubwa wa programu huria umemfungia mlango mchangiaji wake, na kila ikitoka, vijana wa kompyuta hapa Unguja na Pemba hugawika pande mbili. Wapo wanaosema kaonewa, katolewa kwa maneno yake wala si kwa kazi yake. Wapo wanaosema kazi yenyewe ilikuwa mbovu na wenye mradi wamechelewa kumtoa. Katikati ya mabishano hutokea mmoja akauliza jambo linaloonekana la kitoto: kama kitu ni huria na ni cha kila mtu, mtu anafungiwaje? Mimi naliona hilo ndilo swali la maana kuliko yote, na wengi wanaobishana hawana jibu lake.

Wala si ugomvi wa mbali na sisi. Simu ya Android utakayonunua Darajani, iwe Tecno au Samsung, inaendeshwa na keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kumbukumbu, betri, kamera na mawasiliano ya simu nzima. Takwimu za vituo vyetu vya afya, za chanjo na za kliniki za wajawazito, hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Nani anaruhusiwa kutia mkono ndani ya programu za namna hiyo ni jambo linalotufika, hata kama wanaogombana wako Marekani na Ujerumani.

Tuyaweke sawa maneno kwanza. Msimbo ni maagizo anayoyaandika mtu ili kompyuta iyafuate. Programu huwa huria pale msimbo wake unapowekwa wazi chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Anayetaka kurekebisha kitu hutuma kiraka, yaani badiliko la mistari michache au mingi, na kiraka hicho hupokewa na mtunzaji, mtu aliyekabidhiwa sehemu fulani ya mradi. Yeye hukisoma, hukijaribu, kisha hukiingiza, hukirudisha kikafanyiwe kazi tena, au hukikataa. Kufungiwa ni kuzuiwa kutuma viraka au kushiriki mijadala ya mradi, kwa muda au moja kwa moja.

Sasa fikiria kisima cha wakfu. Aliyekitoa alisema kila mpita njia na achote. Hakusema kila mpita njia atie kitu ndani. Yupo msimamizi, na kazi yake ni kuhakikisha atakayekuja kesho atakuta maji safi. Akikuzuia kushusha ndoo yenye matope hakukunyima maji, kwa sababu kamba iko palepale na ukija na ndoo safi unachota kama wenzako. Programu huria nayo ina haki mbili za namna hiyo, na leseni inakupa moja tu, ya kuchota. Ya kutia ndani huipati kwa leseni, unaipata kwa kuaminiwa na walioko pale. Tena programu inakishinda kisima kwa jambo moja kubwa: unaweza kukibeba kisima kizima, maji yake yote, ukakipeleka kwako, na kile cha mwanzo kisipungue hata tone.

Hapo hoja ya kwanza potofu inaanguka. Aliyefungiwa hakunyang'anywa programu. Anaitumia, anaisoma, anaibadilisha, na akitaka anaitangaza kwa jina jipya. Alichokosa ni nafasi ya kuamua nini kiingie katika nakala ile inayoaminiwa na watu wote.

Kwa nini basi watunzaji wawe wakali kiasi hicho? Hapa pana jambo ambalo asiyewahi kukagua msimbo wa mwenziwe hulidharau. Mnamo Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenya kwenye seva iliyokuwa na nakala ya pili ya msimbo wa Linux akapachika mistari miwili. Ukiipitia haraka utadhani ni ukaguzi wa kawaida: kama kazi fulani imeitwa kwa namna fulani, na mtumiaji ni nambari 0, basi rudisha kosa. Kipande chenyewe kilisomeka hivi: current->uid = 0. Katika lugha ya C, alama mbili za usawa zilizofuatana, ==, huuliza kama hiki ni sawa na kile. Alama moja, =, haiulizi kitu. Inaamuru hiki kiwe kile. Na nambari 0 katika Linux ni ya mtumiaji mkuu, mwenye ruhusa ya kila kitu kwenye mashine. Kwa hivyo mstari ule haukuwa ukimuuliza mtu kama yeye ni mkuu, ulikuwa ukimfanya mkuu kimyakimya. Alama moja iliyopungua ingempa yeyote anayeijua siri hiyo mamlaka ya mashine nzima. Bahati nzuri nakala hiyo ya pili ilipolinganishwa na ya asili, tofauti ikaonekana.

Toleo jipya la keneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na huwa na viraka zaidi ya 10,000. Kila kimoja lazima kisomwe na mtu, na katika chochote kati yake alama moja inaweza kuwa imepungua, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Kuandika kiraka kunaweza kuchukua dakika kumi, kukithibitisha kukachukua siku nzima. Miradi midogo ndiyo yenye shida zaidi, maana mtunzaji wake mara nyingi hana mshahara wa kazi hiyo na anaifanya usiku watoto wakishalala.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini ubora wa msimbo na tabia ya mtu haviachani kirahisi kama wabishi wanavyotaka. Aprili 2014 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alitangaza kuwa hatopokea tena msimbo wa keneli kutoka kwa Kay Sievers, mmoja wa waandishi wa systemd, programu inayowasha huduma za mfumo. Kisa kilikuwa neno moja, debug, ambalo ukiliandika wakati wa kuwasha mashine unaiomba keneli ieleze kwa urefu inachofanya. Systemd nayo ililisoma neno hilohilo, ikamwaga maelezo mengi hadi mashine ikashindwa kuwaka. Kosa la aina hiyo linaweza kumpata yeyote. Kilichomkasirisha Torvalds ni kuona kwamba mwandishi haji kutengeneza anachokivunja, anawaachia wengine mzigo. Je, huko ni kufungiwa kwa ubovu wa msimbo au kwa tabia? Ni vyote viwili, kwa sababu katika kazi ya pamoja mtu anayerudi kutengeneza alichokosea ni sehemu ya ubora wenyewe.

Chuo Kikuu cha Minnesota kinatuonesha hali nyengine, ya kuharibu makusudi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo hicho walituma viraka bila ya kujitambulisha, vikionekana kurekebisha hitilafu ndogo huku vikipenyeza udhaifu, ili waone kama watunzaji watavikamata. Waliokuwa wakipimwa hawakuambiwa. Aprili 2021, baada ya viraka vyengine visivyo na faida kutoka chuoni hapo, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakubwa wa Linux, alikifungia chuo kizima na kuanza kuviondoa viraka vyake vya nyuma. Ikabidi viraka 435 vipitiwe upya. Vilivyo vingi vilikutwa salama, 39 vikakutwa na makosa yaliyohitaji kurekebishwa. Watafiti wakaomba radhi na kuiondoa makala yao ya utafiti.

Nasimama na Kroah-Hartman katika hili. Mtu akikwambia kwamba baadhi ya alivyokuletea vilikuwa na sumu, huna njia ila kukisimamisha kila kilichotoka kwake mpaka ujue. Lakini tusifiche kwamba adhabu ile iliwaangukia wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wasiohusika kabisa, na matokeo ya ukaguzi yanaonesha kwamba wengi wao walikuwa wameleta kazi nzuri. Kufungia kundi zima kunafaa kama hatua ya dharura. Kukiachwa bila mwisho ni dhulma.

Upande wa tabia tupu, mwaka muhimu ni 2018. Septemba ya mwaka huo Torvalds, aliyejulikana kwa kuwatukana watu wanaoleta msimbo mbaya, aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa wiki kadhaa, na Linux ikapata kanuni za maadili zilizoandikwa. Wengi walilalamika kwamba sasa msimbo mbovu utapita kwa kuogopa kuwaudhi watu. Sisi tuliolelewa na adabu za huku tunaweza kushangaa kwamba watu wazima walihitaji karatasi ya kuwaambia wasitukanane. Lakini na sisi tuna ugonjwa wetu: kazi ya mtu haifai, tunamwambia ni nzuri, kwa kumstahi. Ukali juu ya msimbo hauna matusi ndani yake. "Mstari wa 40 unavuja kumbukumbu, hauwezi kuingia" ni maneno makali ya kutosha, na hayajamgusa mtu heshima yake.

Kisa cha Kent Overstreet kilichanganya watu zaidi kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofuatana. Overstreet ndiye mwandishi wa bcachefs, mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga data ndani ya diski. Uliingia katika keneli toleo la 6.7, Januari 2024. Mwaka huohuo alimwandikia mwenzake maneno ya kumtusi, akatakiwa aombe radhi hadharani, hakuomba, na Novemba akazuiwa kuleta msimbo kwa kipindi kizima cha matayarisho ya toleo la 6.13. Hiyo ilikuwa adhabu ya tabia, yenye mwanzo na mwisho. Jambo la pili lilikuja Juni 2025, nalo halikuhusu matusi. Katika wiki ambazo mradi unapokea marekebisho ya hitilafu tu, yeye alileta uwezo mpya, akisema watumiaji waliokuwa katika hatari ya kupoteza data zao wanauhitaji sasa hivi. Torvalds akasema watatengana. Toleo la 6.17 likaitaja bcachefs kuwa inatunzwa nje ya keneli, na la 6.18 likauondoa msimbo wake. Ukisikia mtu anasema alifukuzwa kwa matusi, au anasema alifukuzwa kwa msimbo mbaya, muulize anazungumzia lipi kati ya hayo mawili. Nami simlaumu Overstreet kwa kuwahurumia wenye data. Namlaumu kwa kudhani huruma hiyo inamtoa katika utaratibu ambao wengine wote wanaufuata.

Wakati mwengine hakuna ubovu wala tabia. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi yaliondolewa katika orodha ya watunzaji wa Linux kwa sababu ya sheria za vikwazo. Hakuna aliyesema kazi yao ilikuwa mbaya. Uamuzi ule uliumiza wengi, na kuutetea kwa kutafuta makosa katika viraka vya watu wale kungekuwa ubaya juu ya ubaya.

Hadi hapa mtu anaweza kufikiri kwamba mwenye adabu ndiye wa kuaminiwa. Machi 2024 ilitufundisha vyengine. Kwa zaidi ya miaka miwili akaunti yenye jina la Jia Tan ilikuwa ikisaidia mradi wa xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mfumo wa Linux. Ilikuwa na subira, ina lugha nzuri, inaleta viraka vinavyofaa. Akaunti nyengine nazo zikawa zinamsukuma mtunzaji, aliyekuwa peke yake na amechoka, zikimlaumu kwamba mambo yanakwenda polepole na apate msaidizi. Akampata huyohuyo. Kisha matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akaamua kutafuta kwa nini.

Kanuni za maadili zisingemzuia Jia Tan hata kidogo. Zingeweza, hata hivyo, kumlinda yule mtunzaji aliyechoka dhidi ya waliokuwa wakimsukuma, na hiyo ndiyo kazi yake hasa ambayo wanaozidharau hawaioni. Maneno ya kumchokoza mtu mmoja aliyelemewa yalikuwa sehemu ya shambulio.

Sasa kuna dawa ya mwisho ambayo dunia ya programu huria inayo na sehemu nyengine nyingi hazina: kuchukua nakala na kuondoka. Mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye skrini za kompyuta nyingi za Linux, ulianza chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Machi 2003 kundi kuu la XFree86, mradi uliokuwa ukiutunza, lilimtoa Keith Packard likimtuhumu kuandaa mradi wa kujitenga. Februari 2004 XFree86 ikabadili leseni, wengi wakaikataa, wakahamia X.Org. XFree86 ikabaki jina. Hapo aliyetolewa ndiye aliyekuwa na watu nyuma yake.

Miaka ishirini na kitu baadaye hadithi imejirudia kwa X.Org yenyewe. Juni 2025 mmoja wa waliokuwa wakituma viraka vingi kwenye seva ya X alifungiwa na freedesktop.org, jukwaa linalohifadhi mradi huo, na mwezi huohuo akatangaza nakala yake aliyoiita XLibre. Wanaomtetea huhesabu viraka vyake na kusema mtu wa kazi namna hii hatolewi. Wanaompinga huonesha viraka vya kusafisha msimbo vilivyovunja vitu vilivyokuwa vikifanya kazi, vikalazimu kuondolewa. Tangazo lake likabeba na siasa, basi kila upande ukapata cha kushika. Kuhusu hesabu nasema wazi: wingi wa viraka hauthibitishi ubora. Kiraka kimoja kinachozuia mashine kupoteza data kina thamani kuliko mia vinavyobadilisha mpangilio wa mistari na kumlazimisha mtunzaji asome vyote mia. Kama XLibre itadumu au la, hilo litaamuliwa na nani atakuwa akitengeneza hitilafu zake mwaka wa tano, baada ya kelele kuisha.

Siku hizi mzigo wa ukaguzi umeongezeka kwa akili bandia. Daniel Stenberg, anayeongoza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, alitangaza mwaka 2025 kuwa atawafungia wanaoleta ripoti za udhaifu zilizotungwa na akili bandia zisizo na ukweli ndani yake. Januari 2026 mradi ukafunga kabisa utaratibu wake wa kulipa zawadi kwa wanaogundua udhaifu. Gentoo, mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux, ilikuwa imeshakataza michango ya akili bandia tangu Aprili 2024. Mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anayetaka jina lake lionekane kwenye mradi wa kimataifa alielewe hili vizuri: ukituma usichokielewa, anayelipa gharama ni mtu asiyekujua, na akishagundua hatokusoma tena.

Lakini kiraka kurudishwa si kufungiwa, na hapa vijana wetu wengi hukata tamaa bure. Kwenye Linux ni kawaida kiraka kurudi mara tatu, nne, kila mara na maelekezo, hata kwa wakongwe. Kufungiwa nako kuna daraja zake. Tangu 2016, Kamisheni ya Ardhi ilipoanza kupiga picha za droni Unguja na Pemba na wanafunzi wa SUZA wakashiriki, vijana kadhaa huku wamezoea ramani huria ya OpenStreetMap. Ramani hiyo ina zuio la saa sifuri: huwezi kuendelea kuchora mpaka uingie usome ujumbe ulioandikiwa, ukishausoma unaendelea. Lengo lake ni kuhakikisha umesikia. Ningependa miradi mingi zaidi ianzie hapo kabla ya kufunga mlango.

Linalobaki, na ndilo naliona halijatatuliwa, ni nani anahukumu. Linux ina kamati ya maadili inayopendekeza, kisha bodi ya ushauri wa kiufundi hupiga kura, na adhabu haipiti bila ya theluthi mbili. Mradi wa mtu mmoja hauna kitu kama hicho: yeye ndiye anayeshitaki, ndiye anayehukumu, na hakuna pa kukata rufaa ila kuchukua nakala na kwenda zako. Wizara, skuli au hospitali yetu inayotaka kuegemea programu huria ya namna hiyo iulize kabla ya kuifunga kwenye seva zake watunzaji ni wangapi, wanaolipwa ni wangapi, ugomvi wa mwisho baina yao uliamuliwaje, na kama kuna mtu yeyote hapa Zanzibar anayeweza kuusoma msimbo huo siku watakapogawanyika.